Popo wa Nyanda za Kati: Milango ya Elimu na Ajira kwa Vijana wa Dodoma

Kiangazi kinapofikia ukingoni, mibuyu ya Dodoma huchanua. Ua la mbuyu ni jeupe na zito. Huning'inia kwa kikonyo kirefu, hufunguka jua linapozama, na kesho yake limekwisha kunyauka. Kila ua lina usiku mmoja tu wa kuchavushwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya na katika Afrika Magharibi umeonyesha kuwa miongoni mwa wageni wakuu wa usiku huo ni popo wanaokula matunda. Hutua juu ya ua, hulamba utomvu wake mtamu, kisha huondoka na chavua iliyogandia manyoyani kuelekea mti mwingine. Ua lililochavushwa huanza safari ya miezi kadhaa ya kuwa tunda, na ubuyu unaouzwa kwa kibaba au kwa gunia katika minada ya mkoa hutokana na safari hiyo.

Mnyama huyo huyo ana sura nyingine. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza akiwa jijini Dodoma kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa katika Mkoa wa Kagera. Hadi mlipuko huo unatangazwa kumalizika mwezi Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, na wote walifariki dunia. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, mkoa huo huo ulikuwa umepata wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa virusi vya Marburg huhifadhiwa na aina moja ya popo wala matunda wanaolala mapangoni na migodini, ambao hubaki navyo bila wao wenyewe kuugua.

Popo, basi, ni mshirika wa mkulima na pia ni jambo la afya ya jamii. Kuzitenganisha pande hizo mbili, na kujua lini mnyama huyu aachwe, lini aondolewe na lini aepukwe kabisa, ni kazi ya watu waliosoma. Taaluma hiyo bado ina watu wachache katika Afrika Mashariki. Makala haya yanaeleza njia ambazo kijana wa kata za Nyanda za Kati anaweza kuzipitia ili awe mmoja wao.

Kwa nini utaalamu unahitajika

Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, sawa na takriban moja ya tano ya aina zote za mamalia. Wengi wao hula wadudu, na mmoja anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wake. Wengine hula matunda na utomvu wa maua. Popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, anayehama kwa makundi barani Afrika, ameonekana nchini Ghana kuwa na uwezo wa kubeba mbegu hadi umbali wa kilomita 75. Jike wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, kwa hiyo kundi lililoangamizwa huchukua miaka mingi kurejea.

Wakazi wengi humfahamu popo kupitia paa. Aina ndogo zinazokula wadudu hupenda kujibanza chini ya mabati ya madarasa, zahanati na nyumba za ibada. Harufu ya mkojo na mrundikano wa kinyesi darini huwachosha walimu na wagonjwa, na mara nyingi suluhisho la haraka huwa ni moshi, sumu au fimbo. Wanaokimbia moshi hawaendi mbali: huhamia paa la jirani, na waliojeruhiwa huanguka sakafuni ambako watoto huwaokota kwa mikono mitupu.

Hasara ya kutenda bila utaalamu ilionekana wazi nchini Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, Wilaya ya Ibanda, waliambukizwa Marburg. Baadaye popo wa mgodi huo waliuawa na kufukuzwa kwa wingi, kwa matumaini kuwa hatari ingekwisha. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo lile lile. Watafiti waliorudi mgodini walikuta kundi dogo la popo limerejea, na kiwango cha maambukizi ndani yake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile kilichopimwa hapo awali. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa na popo wageni ambao hawakuwa na kinga. Jambo lililofanywa ili kupunguza hatari liliizidisha, na hilo lilijulikana kwa sababu tu palikuwa na wataalamu waliokwisha kupima kabla na waliorudi kupima tena.

Maswali yanayowangoja watafiti wa Dodoma

Mwanafunzi wa shahada ya juu huanza na swali. Nyanda za Kati zina maswali mazuri ambayo mtu aliyezaliwa hapa ana nafasi bora ya kuyajibu.

La kwanza ni la mbuyu. Wakati Kenya na Afrika Magharibi zinamtaja popo, uchunguzi wa miaka ya karibuni katika nchi za kusini mwa Afrika umeonyesha kuwa huko nondo wakubwa ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchavusha. Dodoma iko kati ya kanda hizo mbili. Katika mibuyu ya Mpwapwa, Bahi au Chamwino, je, tunda hutokana na popo, nondo, komba, au wote kwa pamoja? Jibu lina thamani kwa kila kaya inayokusanya ubuyu, kwa kuwa huwezi kulinda mavuno bila kumlinda anayeyawezesha.

La pili ni la mashamba. Huko Limpopo, Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Venda wameonyesha kuwa popo hula wadudu wanaoharibu njugu za makadamia, na hivyo humpunguzia mkulima hasara. Dodoma ina mtama, uwele, alizeti na zabibu, pamoja na wadudu wengi wa usiku, wakiwamo nondo wanaozaa viwavi. Kuchunguza kinyesi cha popo wa paa la shule ili kujua wanakula wadudu gani ni utafiti unaowezekana kabisa katika ngazi ya uzamili, na kisima cha data kiko darini.

La tatu ni la majengo na afya: ni aina gani za popo wanaoishi katika paa za shule na zahanati, huzaa msimu gani, na ni njia ipi nafuu ya kuwaondoa bila kuwatawanya. Kanuni ya jumla inajulikana. Popo huachwa mpaka watoto wao waweze kuruka. Kisha matundu yote huzibwa isipokuwa moja, ambalo hufungiwa wavu unaowaruhusu kutoka jioni bila kuweza kurudi. Mwishoni tundu hilo nalo huzibwa. Kupanga kazi hiyo kwa kalenda ya Dodoma kunahitaji mtu aliyefuatilia uzazi wa popo hao mwaka mzima.

Safari ya masomo

Msingi huwekwa sekondari. Mwanafunzi anayelenga taaluma hii anahitaji ufaulu mzuri katika Baiolojia, Kemia na Jiografia, pamoja na Hisabati, ambayo wengi huikwepa bila kujua kuwa ikolojia ya leo imejaa takwimu. Kwa Kidato cha Tano na cha Sita, tahasusi za PCB na CBG ndizo zinazofungua milango mingi zaidi. Kiingereza nacho hakiepukiki, kwa kuwa maandiko mengi ya fani hii yameandikwa kwa lugha hiyo.

Aliyemaliza Kidato cha Nne na asiendelee na cha Tano hajafungiwa mlango. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 mkoani Kilimanjaro, na Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, hutoa mafunzo ya ngazi za chini ya shahada katika uhifadhi. Anayevutiwa na upande wa magonjwa ya wanyama anaweza kuanza na mafunzo ya afya ya mifugo, ambayo hutolewa pia Mpwapwa, ndani ya mkoa. Wahitimu wa stashahada wenye ufaulu unaotakiwa huweza kuendelea na shahada.

Kwa shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha sayansi ya baiolojia hapa hapa jijini, hivyo mwanafunzi wa mkoa hupunguziwa gharama ya kusafiri mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha usimamizi wa wanyamapori na udaktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha elimu ya wanyama na uhifadhi. Sifa za kujiunga hutolewa kila mwaka katika miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa shahada, na ya NACTVET kwa astashahada na stashahada. Mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kusoma miongozo hiyo ya mwaka husika badala ya kutegemea simulizi za waliosoma zamani.

Uzamili na uzamivu

Hakuna shahada ya kwanza nchini inayoitwa shahada ya popo. Ubobezi huanza katika uzamili, pale mwanafunzi anapochagua mada ya tasnifu na kumpata msimamizi anayeifahamu. Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua kati ya miezi 18 na miaka miwili, na uzamivu miaka mitatu au zaidi.

Hapa nchini, SUA ina nguvu katika ikolojia ya wanyama wadogo na katika tafiti za Afya Moja, mtazamo unaounganisha afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira. Kituo cha SACIDS, chenye makao chuoni hapo, kimefundisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika uwanja huo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, imejikita katika masomo ya uzamili na uzamivu, na bioanuwai ni sehemu ya mafunzo yake. Nje ya mipaka lakini si mbali, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na Chuo Kikuu cha Maasai Mara, Kenya, vimekuwa na wanabaiolojia wa popo wanaotambulika kimataifa, akiwamo Robert Kityo wa Makerere na Paul Webala wa Maasai Mara. Mwanafunzi wa Tanzania anaweza kuomba mmoja wa wataalamu wa jirani awe msimamizi mwenza.

Barua ya kwanza kwa msimamizi ndiyo inayowaangusha wengi. Barua inayosema tu "naomba nafasi ya kusoma" haina uzito. Inayotaja swali mahususi, mahali pa kulijibu na sababu ya swali hilo kuwa muhimu, hupata jibu. Kijana anayeweza kuandika kuwa anajua miti thelathini ya mibuyu katika kijiji chake, inachanua mwezi gani na ni nani mwenye mashamba hayo, tayari ana jambo ambalo mtafiti kutoka mbali hana.

Fedha za masomo

Kwa shahada ya kwanza, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hubaki kuwa chanzo kikuu, na tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikitoa ufadhili unaojulikana kama Samia Scholarship kwa wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi ya Kidato cha Sita. Kwa uzamili na uzamivu, ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa shirika la Kijerumani DAAD hupokea maombi ya Watanzania.

Fedha za kazi ya uwandani ni mfuko tofauti. Rufford Foundation ya Uingereza na mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi hutoa ruzuku ndogo kwa miradi ya uhifadhi, na Conservation Leadership Programme huwalenga vijana walio mwanzoni mwa taaluma. Kwa upande wa popo hasa, Bat Conservation International, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982, imekuwa mdau wa muda mrefu, na barani kuna mtandao wa Bat Conservation Africa unaowaunganisha watafiti wa nchi mbalimbali. Mwombaji atambue kuwa wafadhili wa kweli hawauzi fomu wala hawatumi madalali. Anayedai fedha ili "kusukuma" jina aripotiwe.

Ufadhili wa nje una kikomo chake. Mradi wa PREDICT uliogharimiwa na Marekani kuanzia mwaka 2009 ulishirikiana na taasisi za Tanzania kuchunguza virusi katika popo, panya na nyani, kisha ukafungwa mwaka 2020. Miradi huja na kuondoka. Kinachobaki ni watu waliofundishwa.

Ajira zilizopo

Popo peke yake ni nadra kumpa mtu mshahara. Humpa mtu ujuzi unaohitajika katika kazi kadhaa, na kijana mwenye busara huujenga ujuzi huo akiwa na zaidi ya mlango mmoja mbele yake.

Mlango wa kwanza ni utafiti na ufundishaji: Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye makao Arusha, pamoja na vyuo vikuu. Wa pili ni uhifadhi: TANAPA, TAWA, Wakala wa Huduma za Misitu, na maofisa wanyamapori wa halmashauri. Mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero yako jirani kabisa na wakazi wa Kondoa na Chemba. Wa tatu ni afya: maabara, ufuatiliaji wa magonjwa na uratibu wa Afya Moja, ambao kitaifa uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wa nne ni tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na mitambo ya umeme wa upepo inajulikana duniani kuwa huua popo. Kwa kuwa Nyanda za Kati, hasa Singida, zimekuwa zikitajwa kwa nishati hiyo, mtaalamu anayeweza kurekodi na kutambua sauti za popo, ambazo sikio la binadamu kwa sehemu kubwa halizisikii, atatafutwa.

Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Zipo pia kazi za muda za wasaidizi wa utafiti, ambazo hazihitaji shahada. Kuongoza watafiti porini, kufunga nyavu, kuandika kumbukumbu na kutafsiri kati ya Kigogo, Kirangi au Kisandawe na Kiswahili ni kazi zinazolipwa, na wengi walioanza kwa kubeba nyavu wameishia kuandika tasnifu.

Mifano miwili

Kisiwani Pemba kuna popo mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uwindaji na ukataji wa misitu ulimfikisha ukingoni mwa kutoweka. Tangu mwaka 1995, watafiti wakishirikiana na idara ya misitu na wanavijiji waliwahesabu popo hao, wakaunda vikundi vya kuwalinda, na kijiji cha Kidike kikafungua eneo lake kwa wageni wanaolipa kiingilio kuwaona. Kutoka maelfu machache, idadi yao ilikadiriwa kufikia takriban 20,000 mwishoni mwa miaka ya 2000. Bila kuhesabu kwa uhakika, kusingekuwa na namna ya kujua kama ulinzi ule unafaa.

Nchini Nigeria, Iroro Tanshi, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, mwaka 2016 alimpata katika milima ya Afi popo wa aina ambayo haikuwa imeonekana nchini humo kwa zaidi ya miaka 40. Muda mfupi baadaye moto ulivamia msitu huo. Akaelekeza nguvu kwa wakulima wa jirani, wakaunda vikosi vya kuzuia moto na kukubaliana siku salama za kuchoma mashamba. Mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Whitley. Kwa Nyanda za Kati, ambako moto wa kiangazi ni adui anayejulikana, somo hilo halihitaji tafsiri.

Taratibu na usalama

Hakuna mtu anayeruhusiwa kukamata popo kwa utafiti bila kibali. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na vibali vya utafiti hupitia TAWIRI na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mtafiti, awe mgeni au mwenyeji, huripoti pia katika halmashauri na kujitambulisha kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuanza kazi. Wakazi wana haki ya kuona barua zake, na wana haki ya kurudishiwa matokeo kwa lugha wanayoielewa.

Anayeshika popo kikazi hupata kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, na huvaa glovu na barakoa. Mkazi asiye na mafunzo asimshike popo aliye hai wala mzoga, asile tunda lililong'atwa na mnyama, na asiingie pangoni au kuzoa kinyesi cha popo bila kinga, kwani vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza leo, bila kibali na bila kumgusa popo yeyote. Daftari, saa na subira vinatosha: kuandika tarehe mbuyu wa jirani ulipochanua, saa ambayo popo wa paa la shule hutoka, na idadi yao inapohesabika wakiwa angani. Kumbukumbu za misimu miwili zilizoandikwa kwa uaminifu ni hazina ambayo mtafiti atakuja kuiulizia.

Kwa ushauri wa tahasusi na vyuo, mzazi na mwanafunzi waanzie kwa mwalimu wa taaluma wa shule na Ofisa Elimu Kata. Kwa masuala ya popo katika majengo ya umma, uongozi wa shule au zahanati uwasilishe taarifa kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata ili Kitengo cha Maliasili na Hifadhi ya Mazingira kihusishwe kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa. Moshi usitangulie barua.